Sakafu ya Msaji katika Mashua Kuukuu ya Tanga: Namna ya Kuirudishia Uso Bila Kuimaliza

Katika mashua za tanga za starehe zilizojengwa Marekani, Ulaya na Taiwan kati ya miaka ya 1960 na 1990, chumba cha chini ya sitaha, ambamo wasafiri hulala, hupika na kutandaza ramani zao, huwa na sakafu ya mbao iliyopakwa vanishi, na sakafu hiyo huchakaa mapema kuliko mbao nyingine zote za ndani. Juu yake hupita viatu vilivyobeba mchanga na chumvi, na chini yake kuna ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji yote yaliyovuja hukusanyika, wakati kati ya juu na chini pametengwa kwa ubao ambao mara nyingi unene wake hauzidi sentimita 2. Mtu anaponunua mashua ya namna hiyo ikiwa na umri wa miaka 40 au 50, kwa kawaida huikuta sakafu imefanya weusi pembeni, imekuwa ya kijivu mbele ya jiko, na vanishi imebanduka kabisa chini ya ngazi ya kushukia. Sakafu nyingi za namna hiyo zinaokoleka. Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote huanza siku ile mmiliki anapoamua kuitengeneza, kwa kuwa uso wa msaji anaouona ni mwembamba kuliko anavyodhani, na saa moja ya msasa usio na hesabu huweza kuondoa kile ambacho miguu ya watu ilishindwa kukiondoa kwa nusu karne.

Chanzo cha wembamba huo kimo katika historia ya mashua zenyewe. Zamani, mashua za starehe zilipojengwa kwa mbao tupu, sakafu ya ndani nayo ilikuwa ya mbao nzima, ambayo ingeweza kupigwa randa na kupakwa upya mara nyingi. Mambo yalibadilika ilipoingia faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa kemikali, ambayo ilimwezesha mjenzi kufyatua mabodi mengi kutoka katika kalibu moja. Mwanzoni mwa mwaka 1959, kwenye maonyesho ya boti ya New York, kampuni ya Pearson ilionyesha mashua iliyoitwa Triton, iliyosanifiwa na Carl Alberg, na hiyo ikawa miongoni mwa mashua za kwanza za tanga za faiba kujengwa kwa mamia na kuuzwa kwa familia za kipato cha kati. Miaka kumi baadaye Frank Butler alianzisha kampuni ya Catalina huko California, na mashua yake ya Catalina 30, iliyoanza kuundwa katikati ya miaka ya 1970, ilijengwa kwa idadi iliyozidi 6,000. Huko Taiwan, mafundi wa kiwanda cha Ta Yang walijenga Tayana 37, kazi ya msanifu Robert Perry, wakitumia msaji kwa ukarimu ambao leo hakuna kiwanda kinachoweza kuugharimia. Kwa kuwa bodi ya chombo ilikuwa ya faiba na haikuhitaji tena mbao, mbao zilihamia ndani, zikawa pambo na alama ya heshima ya bahari. Na kwa kuwa mashua zilikuwa nyingi na bei ilipaswa kubaki chini, katika nyingi ya mashua hizo mbao nzima ziliiachia nafasi plaiwudi.

Plaiwudi ya sakafu hizi ni tabaka kadhaa za mbao za kawaida zilizogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, nyuzi za kila tabaka zikikatana na nyuzi za tabaka lililo chini yake ili ubao usipinde, na juu yake hubandikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao ya thamani. Katika sakafu inayozungumziwa hapa, vinia hiyo ni ya mistari: mistari mipana ya kahawia ya msaji, yenye upana wa takriban sentimita 5, ikitenganishwa na mistari myembamba myeupe ya holi, mti wa jenasi ya Ilex unaoota Ulaya na Marekani ya Kaskazini na ambao mbao yake ni nyeupe kama pembe ya ndovu, ngumu, na haionyeshi nyuzi. Katika bidhaa za siku hizi, mistari myeupe mara nyingi si holi tena bali mbao nyingine nyeupe iliyo nafuu, lakini sura imebaki ileile, na watu wengi hawawezi kuiwazia mashua ya tanga bila sakafu hiyo ya mistari.

Msaji, ambao wengine huuita mtiki na ambao wanasayansi wameupa jina la Tectona grandis, haukuchaguliwa kwa uzuri peke yake. Mbao yake ina mafuta ya asili yanayoizuia kunywa maji kwa haraka, hunywea na kutanuka kidogo kuliko mbao nyingi, na huwachosha mchwa na kuvu. Wajenzi wa vyombo wa Sur nchini Oman waliufahamu ubora huo kabla ya kuwapo kwa mashua za starehe, nao walileta msaji kutoka pwani ya Malabar nchini India kwa ajili ya majahazi yaliyofika mpaka Zanzibar na Lamu. Leo msaji hupandwa pia Tanzania, katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Lakini ule wa sakafu za miaka ya 1970 kwa kiasi kikubwa ulitoka katika misitu ya asili ya Burma na Thailand, kwenye miti mikubwa iliyokua polepole, na mbao ya namna hiyo imekuwa adimu: Myanmar, yaani Burma ya zamani, ilizuia usafirishaji wa magogo nje ya nchi mwaka 2014, na mwaka 2021 Marekani na Umoja wa Ulaya ziliiwekea vikwazo kampuni ya serikali ya nchi hiyo inayouza mbao. Kwa sababu hiyo, kipande cha sakafu kuukuu kinachoweza kuokolewa hakipaswi kutupwa kwa wepesi, hata kama plaiwudi mpya inapatikana dukani.

Jambo la kwanza la kuchunguza, kabla ya kununua vanishi wala msasa, ni unene wa vinia. Katika plaiwudi nyingi za sakafu, vinia huwa na unene wa kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu, na iliyo nyembamba ni nyembamba kuliko kadi ya benki. Unene huo haupimwi kwa kuutazama uso. Hupimwa kwa kukitoa kipande kimoja cha sakafu na kuangalia ukingo wake uliokatwa, au kwa kuchungulia katika tundu la skrubu au la pete ya kunyanyulia, ambako tabaka huonekana moja baada ya jingine. Ikiwa tabaka la juu ni mstari mwembamba unaokaribia kutoonekana, mwenye mashua anajua kwamba hana akiba, na kwamba huenda mmiliki wa kabla yake alikwisha kuitumia. Mashua za aina hii, zikiwa zimevuka Bahari ya Hindi, huonekana pia Kilifi, Tanga na Dar es Salaam, na seremala wa pwani aliyezoea mbao nzima za jahazi, ambazo randa huzipendeza, anahitaji kuambiwa habari ya vinia kabla hajaanza kazi, maana ustadi wake uleule unaomsaidia katika ubao wa mvule au mbambakofi utaimaliza sakafu hii kwa mikwaruzo michache.

Jambo la pili ni kujua maji yalikotoka. Uchakavu unaotokana na miguu huonekana katikati ya ubao na kwenye njia ya kupita, na ni uchakavu wa vanishi zaidi kuliko wa mbao. Weusi unaotambaa kutoka pembeni kuelekea katikati una chanzo kingine: maji yameingia kupitia ukingo wa plaiwudi, ambako vichwa vya nyuzi za mbao viko wazi na hunyonya kwa nguvu kuliko uso wenyewe. Katika mashua nyingi za zama hizo, uso wa chini wa sakafu na kingo zake havikupakwa chochote kiwandani, au vilipakwa mkono mmoja tu, kwa kuwa mnunuzi hakuviona, na hivyo ubao ukaishi miaka yote ukiwa umekingwa juu na kuachwa wazi chini, juu ya hewa yenye unyevu ya ngama. Ubao unaonyonya unyevu upande mmoja hujikunja, gundi huachia, na vinia hutoa malengelenge. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, na sakafu iliyo juu ya ngama isiyokauka hufikia kiwango hicho bila shida.

Kwa hiyo kupaka vanishi kabla ya kuziba mivujo ni kupoteza fedha na nguvu. Vyanzo vya maji ndani ya mashua ya tanga vinajulikana. Mlingoti unaopenya sitaha na kusimama juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, huteremsha maji ya mvua kwa ndani, tone baada ya tone. Sehemu ambapo shafti ya injini hutokea nje ya bodi hudondosha maji ya bahari ikiwa haikukazwa. Fremu za madirisha na vyuma vinavyoshikilia kamba za mlingoti huvujisha pale ambapo dawa ya kuzibia imezeeka. Sanduku la barafu na tangi la maji navyo vina mabomba yake ya zamani. Kisha kuna jasho la bodi lenyewe, kwa kuwa faiba iliyopozwa na bahari hutonesha unyevu wa hewa ya ndani. Matundu madogo yaliyotobolewa katika mihimili ya chini ili maji yatiririke kuelekea kwenye pampu nayo huzibwa na nywele, vumbi la mbao na mabaki ya chakula, na maji yakabaki yametuama chini ya ubao ambao kwa juu unaonekana mkavu. Mwenye mashua anayetumia juma moja kuzitafuta sehemu hizo kwa tochi atakuwa ameifanyia sakafu jambo kubwa kuliko mikono kumi ya vanishi.

Baada ya uchunguzi huo ndipo uamuzi unapofanyika. Ubao hujaribiwa kwa ncha ya bisibisi kutoka chini: ikiwa ncha inazama bila upinzani, moyo wa plaiwudi umeoza, na hakuna vanishi wala epoksi itakayoufanya ubebe uzito wa mtu wakati chombo kinapolala upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea, katika upepo mkali. Kipande hicho hukatwa upya, kile cha zamani kikitumika kama kielelezo. Ikiwa moyo ni mzima lakini vinia imeinuka pembeni, gundi ya epoksi huingizwa chini yake kwa sindano au kisu chembamba, kisha hubanwa chini ya uzito, karatasi ya plastiki ikiwekwa katikati ili uzito usigande, mpaka ikauke. Ikiwa vinia imetoboka mahali padogo, inawezekana kupachika kiraka cha vinia kinachofuata mistari, kazi ambayo mtu mwenye subira huifanya vizuri zaidi kuliko mwenye mashine. Ikiwa imekwisha katika eneo kubwa, ni afadhali kubandika vinia mpya juu ya ubao mzima au kununua plaiwudi mpya, kuliko kuficha doa kwa rangi ya kahawia ambayo itabanduka kwa miezi michache.

Kuzitoa mbao nje kuna utaratibu wake. Hakuna kona ya mraba katika mashua, na kila kipande kilichongwa kukaa mahali pake tu, kwa hiyo huandikwa namba na mshale unaoelekea omo, yaani mbele ya chombo, kwenye uso wa chini ambao hautakwanguliwa, na picha au mchoro wa sakafu nzima huhifadhiwa. Mbao zikishatoka, ngama huoshwa kwa sabuni inayoondoa grisi, bolti zinazoshikilia mkuku hukaguliwa kutu, na mafuta ya dizeli yaliyodondoka kutoka kwenye injini huondolewa, kwa kuwa ubao uliokunywa dizeli hukataa vanishi. Kuna faida nyingine ya kuzitoa: katika nchi za baridi, ambako mashua hutolewa majini wakati wa majira ya baridi, wenye mashua hubeba vipande vya sakafu mpaka nyumbani na kuvifanyia kazi katika chumba chenye joto, na jambo hilo huwaondolea vumbi na harufu ya kemikali katika chumba kidogo kisicho na hewa.

Vanishi ya zamani huweza kuondolewa kwa njia tatu, na njia hizo hazilingani. Njia ya kwanza ni dawa ya kemikali. Zile zilizokuwa kali zaidi zilitengenezwa kwa dikloromethani, kimiminika ambacho mvuke wake umewahi kuua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa, na uuzaji wake kwa watu wa kawaida kwa kazi hii ulipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2010 na nchini Marekani mwaka 2019; zilizobaki ni salama zaidi lakini ni za polepole, na zikiachwa muda mrefu huingia katika viungo na kuidhoofisha gundi. Njia ya pili ni mashine ya msasa, ambayo ni ya haraka na ndiyo iliyomaliza sakafu nyingi, kwa kuwa haitofautishi vanishi na mbao: vanishi hubaki katika mabonde, mashine hula vilima, na mtumiaji akiendelea kulifuata doa moja jeusi hujikuta ameona rangi ya plaiwudi chini yake. Njia ya tatu, ambayo inastahili kupendekezwa kuliko zote kwa sakafu yenye vinia, ni hewa ya moto na chuma cha kukwangulia. Mashine ya kupuliza hewa ya moto huelekezwa kwenye vanishi mpaka inapoanza kulainika na kutoa mapovu, ikisogezwa bila kutulia mahali pamoja ili isiunguze mbao wala kulegeza gundi, kisha chuma chenye makali kilichosuguliwa pembe zake zikawa butu huvutwa kuelekea kwa mfanyakazi, kikifuata nyuzi. Vanishi hutoka kama maganda na mbao hubaki na unene wake karibu wote. Msasa huja mwisho kabisa, kwa mkono na kibao cha kushikia, kuanzia namba 120 na kuishia 220, namba ikiwa kubwa ndivyo chembe zinavyokuwa laini zaidi, na haufanyi kazi nyingine isipokuwa kusawazisha.

Madoa meusi yanayobaki hayaondolewi kwa msasa. Mengi yake ni matokeo ya kemia: msaji una tanini, na tanini ikikutana na chuma kinachopata kutu kutoka kwenye skrubu, msumari au kopo lililosahauliwa juu ya sakafu yenye maji, hutokea kiwanja cheusi cha aina ileile iliyotumika Ulaya kwa karne nyingi kutengeneza wino. Doa hilo limezama ndani ya mbao kupita unene wa vinia, na kulifuata kwa msasa ni kutoboa. Dawa yake ni asidi ya oksaliki, unga mweupe unaouzwa katika maduka ya kemikali na ya vifaa vya boti, ambao huyeyushwa katika maji ya moto na kupakwa kwa brashi juu ya ubao mzima, wala si juu ya doa pekee, kwa sababu unaichubua mbao na kuacha mahali palipopakwa pakiwa peupe kuliko jirani yake. Ubao huachwa kwa muda, kisha huoshwa kwa maji mengi zaidi ya mara moja. Asidi hiyo ni sumu ikimezwa na huunguza ngozi na macho, na mabaki yake yakikauka huwa chembe ambazo zikirushwa na msasa hukereketa koo na mapafu. Kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na kuosha vizuri kabla ya kusugua ni lazima vilevile. Vumbi la msaji lenyewe si la kudharau. Wapo watu ambao huwatoa upele au kuwabana kifua, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao kwa jumla miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hivyo barakoa nzuri ya vumbi haipaswi kuonekana kuwa ni anasa.

Ubao uliooshwa unapaswa kukauka kwa siku nyingi, ukiwa umewekwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote mbili, maana vanishi iliyopakwa juu ya mbao yenye unyevu hubanduka msimu uleule. Ukishakauka, kazi iliyopuuzwa kiwandani hufanywa sasa: kingo zote, matundu yote ya skrubu na uso wa chini hupakwa epoksi nyepesi, yaani utomvu wa sehemu mbili unaogeuka kuwa mgumu zinapochanganywa, mara mbili au tatu, mpaka vichwa vya nyuzi viache kunyonya. Aina nyingi za epoksi zinapokauka huacha juu yake utando wa mafuta usioonekana, ambao huondolewa kwa maji na sifongo ya kusugulia kabla ya msasa wala vanishi kugusa. Asiyejua jambo hilo hulalamikia vanishi isiyokauka huku kosa likiwa chini yake. Hatua hii ya kingo haionekani na mgeni yeyote atakayeingia ndani ya mashua, lakini ndiyo inayoamua kama sakafu itadumu miaka mitatu au ishirini.

Kuhusu dawa ya kupaka juu, mjadala ni wa zamani na kila upande una hoja. Mafuta, kama yale ya mbegu za kitani au ya tung, hupakwa kwa urahisi na hurekebishwa kwa urahisi, lakini katika sakafu hukusanya uchafu, huwa meusi, na huisha upesi. Poliurethani ya sehemu mbili ni ngumu kuliko zote na hustahimili mchanga, lakini kigandishi chake kina isosianati zinazodhuru mapafu, na inapokwaruzwa haikubali kiraka kidogo, bali hudai ubao mzima usuguliwe. Vanishi ya kopo moja, ambayo asili yake ni mafuta ya tung na utomvu uliopikwa pamoja ili upate kunyumbulika kwenye milingoti inayopigwa na jua, ni laini kidogo, ila humsamehe anayeipaka, na ikiharibika mahali pamoja hutengenezwa pale pale. Kwa kuwa ndani ya mashua hakuna jua kali, mtu huweza kuchagua vanishi ya kopo moja iliyoongezewa poliurethani, ambayo ina ugumu zaidi, na kwa mmiliki asiye fundi chaguo hilo ndilo lenye busara.

Swali la mng'ao linahusu usalama kuliko mapambo. Mashua ya tanga husafiri ikiwa imelala upande, mara nyingi kwa nyuzi 15 hadi 25, na sakafu inayong'aa kama kioo ikilowa humwangusha mpishi mwenye sufuria ya moto mkononi. Vanishi isiyong'aa hupoteza mng'ao wake kutokana na unga mwembamba uliochanganywa ndani yake, na unga huo ukirundikwa katika mikono mingi huifanya vanishi iwe na ukungu na kufifisha mistari ya mbao. Kwa hiyo mafundi wengi hujenga unene kwa vanishi inayong'aa, kisha hupaka mkono wa mwisho, au miwili, kwa ile isiyong'aa. Chini ya ngazi ya kushukia, ambapo maji ya juu huingia kwanza, hakuna aibu ya kuongeza vipande vya kuzuia utelezi.

Upakaji wenyewe ni kazi ya subira. Ubao hufutwa kwa asetoni muda mfupi kabla ya mkono wa kwanza ili kuondoa mafuta ya msaji yaliyo juu, kwa kuwa mafuta yaleyale yanayoulinda mti dhidi ya maji huizuia vanishi kushika. Mkono wa kwanza hupunguzwa kwa tina, hata kufikia nusu kwa nusu, ili uzame. Wa pili hupunguzwa kidogo. Inayofuata hupakwa ikiwa nzito zaidi, huku kila mmoja ukiachwa kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni usiku mzima au zaidi, na kusuguliwa kidogo kwa msasa wa namba 320. Mikono sita hadi minane si mingi kwa sakafu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako umande wa alfajiri huweza kuifanya vanishi mbichi iwe nyeupe kama maziwa, asubuhi iliyokwisha kupambazuka na kukauka ndiyo saa nzuri, na miezi ya masika ni ya kuepukwa. Tahadhari moja haistahili kufichwa mwishoni mwa maelezo ya kopo: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au ya tung hutoa joto vinapokauka, na vikikunjwa na kutupwa pamoja pembeni huweza kuwaka vyenyewe, kwa hiyo hutandazwa nje mpaka vikauke, au huzamishwa katika ndoo ya maji.

Mbao zinaporudishwa, baadhi ya watu hushangaa kuona haziingii tena. Mikono minane ya vanishi na epoksi ya kingo vimeongeza unene, na plaiwudi nayo hutanuka kidogo katika msimu wa unyevu, kwa hiyo ni lazima ibaki nafasi ya takriban milimita 2 kati ya kipande na kipande, nayo hupatikana kwa kupunguza ukingo kabla ya epoksi kupakwa, wala si kwa kupigapiga ubao kwa nyundo baada ya kazi kwisha. Skrubu za zamani za chuma cha kawaida, zilizoleta weusi, huachwa, na mahali pake huwekwa za shaba nyeusi au za chuma kisichopata kutu. Vipande vinavyofunikia ngama lazima vifunguke kwa haraka, maana bomba likipasuka mtu hana muda wa kutafuta bisibisi. Lakini kwa mashua inayokwenda bahari kuu vipande hivyo vinahitaji pia kufuli au komeo, kwa sababu chombo kikipinduka na mawimbi, ubao mzito usiofungwa huruka na kumjeruhi aliye ndani.

Matunzo ya baadaye ni madogo. Mchanga huzolewa kila siku, kwa kuwa kila chembe iliyo chini ya kisigino hufanya kazi ya msasa; maji ya chumvi hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi; mkeka wenye mpira kwa chini hautakiwi, kwa kuwa hunasa unyevu na kuacha alama; na nta au dawa za kung'arisha zenye silikoni hazifai kabisa, kwa sababu huteleza na huizuia vanishi mpya isishike. Vanishi ya sakafu inayotumiwa sana huhitaji mikono miwili mipya baada ya misimu michache, na kazi hiyo huchukua siku chache tu ikiwa mbao bado haijafunuliwa. Ikishafunuliwa na kuwa ya kijivu, chuma cha kukwangulia na msasa havikwepeki, na vinia hupungua tena. Mwenye mashua na aikague sehemu iliyo chini ya ngazi kila mwanzo wa msimu, kwa kuwa ndiyo inayochakaa kwanza, na aipake upya kabla mbao haijafunuliwa.